Trela ya Umbo la Tone Inapokusumbua: Dalili, Chanzo na Dawa

Trela ya kulala yenye umbo la tone la maji ni kitu kidogo: kitanda cha watu wawili mbele, jiko nyuma chini ya mlango unaoinuka. Mtindo huu ulianza Marekani miaka ya 1930, na hadi leo nyingi hujengwa kufuata ukubwa wa ubao mmoja wa tripleksi (plaiwudi), sentimita 122 kwa 244. Ndiyo maana mtu anaweza kuijenga uani kwake hapa Lubumbashi kwa msumeno, drili na msaada wa fundi wa kuchomelea wa mtaani. Mimi nilijenga hivyo. Tangu hapo watu huniletea za kwao zikiwa zinavuja, zinayumba au zimepasuka, na malalamiko karibu yote ni yaleyale.

Kabla hujashika chombo chochote, jibu swali moja: tatizo linatokea lini? Mwezi gani, kwenye mwendo gani, ukiwa umebeba nini na umekipanga wapi? Mtu akinijibu hilo vizuri, mara nyingi sina haja hata ya kuiona trela yenyewe.

Godoro limelowa asubuhi

"Papa, paa linavuja." Ndivyo wanavyoanza. Nami nauliza: mwezi gani? Akisema mwezi wa saba, paa halina kosa. Hapa kwetu tangu mwezi wa tano hadi wa tisa mvua karibu hainyeshi kabisa. Maji ya mwezi wa saba yametoka kwenye pumzi zenu. Watu wawili wakilala usiku kucha hutoa nusu lita hivi ya maji kwa kupumua na kwa ngozi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa meta 1,200 hivi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi hushuka hata chini ya digrii 10. Pumzi ya joto ikigusa bati baridi inageuka matone, matone yanateremka ukutani, yanaingia chini ya godoro.

Kwa hiyo kagua hivi. Asubuhi pitisha kiganja darini na kwenye vioo. Kama umande umetapakaa kila mahali, tatizo ni hewa. Kama ni pakavu kote isipokuwa kona moja, hapo fikiria kuvuja. Dawa ya umande ni kuacha madirisha yote mawili wazi upana wa vidole viwili usiku kucha, hata kama baridi inauma, na kufungua tundu la paa kidogo. Hilo lisipotosha, inua godoro juu ya mbao nyembamba zilizoachana ili hewa ipite chini yake, kisha bandika bamba la povu gumu kati ya bati na ubao wa ndani. Blanketi la pili ni bora kuliko dirisha lililofungwa.

Hapa sina budi kusema kwa nguvu: usiingize mbabula, jiko la makaa, ndani ya trela. Wala yenye makaa yaliyofunikwa majivu, wala ya dakika tano za kupasha moto kabla ya kulala. Makaa hutoa gesi ya monoksidi kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha trela hakifiki hata meta tatu za ujazo. Mtu haisikii sumu inapomwingia, anasinzia tu. Ukiamka kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, toka nje palepale, mtoe mwenzako, muende hospitali siku hiyohiyo hata kama mnajisikia nafuu. Jiko la gesi nalo lina mahali pake: nyuma, mlango ukiwa wazi. Mtungi usikae chumbani, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inajikusanya sakafuni, mlipolala.

Sasa kama ni mwezi wa kumi na mbili, na mvua imepiga usiku kucha, basi tutafute tundu. Nimeona maji yakiingia kwa mpangilio huu, kuanzia linalotokea sana:

1. Skrubu za ukingo wa alumini pale paa linapokutana na ukuta. Kila skrubu ni tundu. Wengi huzifunga kavu, bila gundi ya kuziba ndani ya tundu.
2. Bawaba ndefu ya mlango wa nyuma. Bawaba ya kawaida ya kabati haizuii maji. Inahitaji kipande cha mpira juu yake, kilichobanwa upande wa paa na kuachwa huru upande wa mlango.
3. Kiunzi cha tundu la hewa la paani.
4. Mpira wa kuziba wa milango ya pembeni, uliobonyea au uliokatwa ukaacha nafasi kwenye kona ya chini.
5. Sakafu, kwa maji yanayorushwa na magurudumu. Hili linasahauliwa kwa sababu kila mtu anaangalia juu.

Maji hayaingii pale unapoona unyevu. Yanaingia mbele au juu, yanatembea chini ya bati, yanachungulia kwingine. Kwa hiyo mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwage maji nje taratibu akianzia chini na kupanda: sakafu kwanza, kisha milango, kisha bawaba, paa mwisho. Kila sehemu dakika tano. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lolote. Kama bomba la nyumbani halitoki siku hiyo, bidoni mbili na kopo lililotobolewa zinatosha.

Ukishapata mahali, toa skrubu, safisha, jaza gundi ya kuziba ya poliyurethani ndani ya tundu, rudisha skrubu. Usipake silikoni juu juu. Mimi mvua ya kwanza iliponishika nilipaka silikoni paa zima, tundu sikulipata, na nilipotaka kupaka rangi, rangi ilikataa kushika. Hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu. Nilikwangua kwa wembe wikiendi mbili nzima.

Mkia unayumba barabarani

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Unatoka mjini vizuri, unashika barabara ya Likasi, unafika kilomita 70 kwa saa, na lori la madini linakupita. Upepo wake unaisukuma trela, trela inaanza kutikisa mkia kushoto kulia, na kila mtikiso unazidi uliotangulia.

Kwanza, cha kufanya wakati huohuo: toa mguu kwenye gesi, shika usukani unyooke, acha gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, maana trela itaisukuma gari na kuikunja. Usiongeze mwendo ukidhani utainyoosha. Ikitulia, egesha mahali salama na usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chanzo cha kwanza, na kinazidi vingine vyote kwa mbali, ni uzito mdogo kwenye mkono wa kuvutia, yaani chuma cha mbele kinachoshikana na gari. Mkono huo unatakiwa kuilemea gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela iliyopakiwa. Trela ya kilo 500 inapaswa kulemea kilo 50 hadi 75 mbele. Chini ya hapo mkia unakuwa bwana. Na trela ya umbo hili ina mtego wake: jiko liko nyuma ya ekseli. Tunaweka bidoni za maji nyuma, unga nyuma, sufuria nyuma, gunia la makaa nyuma, halafu tunashangaa.

Pima. Chukua mizani ya kupimia watu, iweke kwenye ardhi tambarare, simamisha kipande cha mbao juu yake chenye urefu wa kufikisha kikombe cha kuvutia (kile kinachofunika mpira wa chuma wa gari) kwenye kimo kilekile kinachokuwa kikivutwa, kisha shusha mkono juu ya mbao. Kinga magurudumu kwa mawe kwanza. Soma kilo. Pima ikiwa imepakiwa kama safari, sio tupu.

Ikipungua, hamisha mzigo kabla ya kufikiria chuma. Bidoni mbili za lita 20 ni kilo 40. Zikiwa meta moja nyuma ya ekseli, nawe ukazihamishia meta moja mbele yake, na kikombe kiko meta mbili na nusu kutoka ekseli, umeongeza kilo 32 kwenye mkono bila kununua kitu. Trela nyingi nilizoletewa zilipona hapo hapo uani.

Uzito ukiwa sawa na bado inayumba, fuata njia hii. Angalia upepo wa matairi, yote mawili yalingane, na ya nyuma ya gari pia. Kisha angalia mpira wa chuma na kikombe chake. Hapa vipuri vinatoka pande nyingi: kuna mipira ya milimita 50, ya inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na ya inchi 1 na 7/8 ambayo haifiki hata 48. Kwa macho zinafanana. Mpira mdogo ndani ya kikombe kikubwa unacheza, unagonga, na kwenye shimo unaweza kuchomoka. Soma namba iliyogongwa juu ya chuma. Kama haipo, pima kwa kipimo cha fundi. Visipolingana badili kimoja, na mnyororo wa usalama uwepo daima, uliopitishwa msalaba chini ya mkono.

Mwisho, pima unyoofu wa ekseli. Funga kamba katikati ya kikombe, ivute hadi mwisho wa ekseli upande wa kushoto, weka alama, kisha upande wa kulia. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, ekseli imekaa mshazari, na trela inatembea kama mbwa, kiuno pembeni.

Acha hapo, muone fundi, kama uzito wa mbele haufiki asilimia 10 hata baada ya kuhamisha kila kitu, au ekseli iko mshazari. Ekseli inabidi isogezwe, na hiyo si kazi ya kukisia.

Kitovu cha gurudumu kinachoma, au tairi linaliwa upande mmoja

Simama baada ya kilomita 20 za kwanza. Karibisha kiganja kwenye kitovu taratibu, kisha kiguse. Trela isiyo na breki inapaswa kuwa na kitovu cha vuguvugu tu. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, kuna jambo, na ukisikia mlio wa kusaga usitembee hata kilomita moja zaidi.

Sababu ya kawaida ni nati ya beringi iliyokazwa mno, kwa sababu mtu ameikaza kama nati ya gurudumu. Nati hii hukazwa huku ukizungusha gurudumu kwa mkono mpaka lianze kuwa zito kuzunguka, kisha hurudishwa nyuma kidogo hadi tundu la pini likutane na mkato, na pini mpya iwekwe. Inua gurudumu: lizunguke huru, na ukilishika juu na chini ukalitikisa lisicheze zaidi ya kidogo sana. Sababu ya pili ni grisi: hakuna, au imechanganyika na maji ya dimbwi ulilovuka. Grisi nyeupe kama maziwa imeingiwa maji. Toa yote, osha, jaza upya. Beringi yenye alama za bluu au madoa yaliyochimbika haioshwi, inatupwa pamoja na pete yake ya nje.

Tairi likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo umepungua. Likiliwa ukingo wa ndani tu, ekseli imepinda kwa mzigo. Ekseli iliyopinda hainyooshwi kwa moto na nyundo. Chuma kilichochomwa kinalegea na kitapinda tena. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, maana rangi mpya chini ya nati hubonyea na kuzilegeza.

Taa zinafanya mambo ya ajabu

Ukiwasha indiketa ya kushoto, zote zinamweka hafifu. Ukikanyaga breki, taa ndogo zinazimika. Usibadili balbu. Hiyo ni masi, waya unaorudisha umeme kwenye gari. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia kwenye taa nyingine, ndipo zinaanza kuwaka zisizohusika. Mafundi wengi huitegemea ile ya kikombe na mpira wa chuma, lakini pale kuna grisi na kutu. Vuta waya wake wenyewe, mweupe, kutoka plagi hadi kila taa, na ukwangue rangi ya shasi pale unapoufunga.

Taa zikiwaka sawa lakini mahali pasipo pake, plagi imefungwa kwa kukisia. Kwenye plagi ya mviringo ya pini 7 ya Ulaya, pini 1 ni indiketa ya kushoto, waya wa njano. 2 ni taa ya ukungu, bluu. 3 ni masi, nyeupe. 4 ni indiketa ya kulia, kijani. 5 ni taa ndogo ya kulia, kahawia. 6 ni breki, nyekundu. 7 ni taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Lakini rangi za nyaya ndani ya gari lenyewe usiziamini. Gari likitoka Japani au Dubai, fundi wa kwanza aliliunganisha kwa waya aliokuwa nao. Jaribu kila pini kwa taa ya majaribio.

Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, mara nyingi pale unapopenya sakafu bila mpira wa kinga. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kuwasha moto chini ya kitanda chako. Na kama umeweka kigeuzi cha umeme wa volti 220, kazi hiyo mpe fundi umeme. Volti 12 zinaunguza nyaya, 220 zinaua.

Shasi imepasuka

Ufa huanzia pale mkono wa kuvutia unapoingia chini ya boksi, au pale springi zinaposhikiliwa. Mara nyingi unaonekana kwanza kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Safisha kwa brashi ya waya, pangusa, angalia kwenye mwanga wa pembeni.

Hapa sina ukaguzi wa hatua tano wa kukupa. Usivute trela hiyo. Tafuta fundi wa kuchomelea anayefanya shasi za malori, na umuangalie anavyoanza. Akipaka tu chuma kipya juu ya ufa, mshukuru uondoke. Anayejua atatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, atausaga wote kwa grainda hadi mwisho wa kina chake, atachomelea, kisha ataongeza kipande cha kuimarisha chenye ncha nyembamba badala ya mstatili uliokatwa sawasawa, kwa sababu kingo za mraba huanzisha ufa mpya pembeni yake.

Mambo manne kabla hajawasha: toa plagi ya trela kwenye gari na uondoe waya wa betri, toa godoro na mbao zote zilizo karibu, na ndoo ya maji iwepo, na kama chuma kimepakwa zinki, kisagwe kwanza na kazi ifanywe nje, kwa sababu moshi wa zinki unaleta homa.

Chanzo chenyewe kwa kawaida ni uzito. Watu hupenda mbao ngumu za msitu wa miombo kwa sababu hazilegei, lakini kuta na kiunzi kizima cha mbao hizo huongeza mzigo ambao bomba la chuma lenye unene wa milimita mbili halikupangiwa. Kiunzi chepesi cha msonobari kilichogundishwa vizuri kinatosha.

Mlango wa jiko haufungi kona, na vumbi jekundu limejaa ndani ya sahani

Tripleksi iliyokunjwa hutaka kunyooka. Ukifungua mlango mpya uliojengwa haraka, unakuta pembe zimeinuka sentimita mbili. Zisukume kwa mikono: zikikaa, weka vitasa viwili kwenye kona badala ya kimoja katikati. Zikikataa, mlango urudiwe, safari hii kwa mbao mbili nyembamba zilizogundishwa pamoja zikiwa zimefungwa kwenye umbo lake usiku mzima.

Vumbi linaingia kwa sababu nyuma ya trela inayotembea hewa inanyonya. Badili mpira wa kuziba kwanza. Kisha kwenye barabara ya udongo, kuelekea Kundelungu kwa mfano, funga matundu ya nyuma na acha tundu la paa wazi kidogo likitazama mbele, hewa iingie na isukume vumbi nje.

Ubao unavimba au unatoa sauti ya utupu ukiugonga

Tripleksi ya ndani ya nyumba inaachana tabaka ikilowa. Kabla ya kununua ya pili, omba kipande, kichemshe sufuriani nusu saa. Kikiachana, usikinunue kwa bei yoyote. Iliyokwisha kuvimba ikatwe mpaka kwenye ubao mzima, na kingo zote mpya zilishwe vanishi iliyozimuliwa, mara tatu, mpaka zikatae kunywa. Kingo ndizo mdomo wa ubao.

Lakini kama haijavimba na inasikika tupu, na trela imeegeshwa miezi mingi juu ya vipande vya mbao, lala chini utazame miguu yake. Mchwa wa Katanga wanaojenga vichuguu vya meta kadhaa hawashindwi kupanda kipande cha mbao hadi sakafuni. Ukiona njia ya udongo, ivunje, choma kisu sakafuni kila sentimita kumi kujua mwisho wa uharibifu, na baada ya kukata palipoliwa, egesha trela juu ya chuma au matofali ya saruji, mahali ambapo unaweza kupita chini yake na fagio kila juma.